Katani na Sungura Asiyeliwa

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao za mkaratusi, limeegemea ukuta wa duka la ushirika lililofungwa, hatua chache kutoka stendi ya Same. Mwaka ule wa tisini na nne maduka mengine yote yalikuwa yamejaa bidhaa na mifuko ya watu imejaa upepo, kwa hiyo muda wa kufikiri ulikuwepo wa kutosha. Waliofikiri kuliko wote ni wawili. Hansadi alikuwa karani mstaafu aliyekumbuka kila neno lililowahi kusemwa bungeni, pamoja na mengi ambayo hayakusemwa. Betri alikuwa fundi redio, na betri zake kuukuu alizianika juani juu ya bati ili zirudishe nguvu. Mwamvita aliwauzia kahawa na kashata. Wa nne alikuwa Katani, mshona viatu, aliyepewa jina hilo kwa kuwa alikuja mjini shamba la mkonge lilipopunguza watu. Jina lake hasa ni Sebastiani, kwao Kasulu, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza, naye hana tabia ya kujitangaza.

Asubuhi hiyo Katani alikuwa akisubiri mgeni, na roho haikutulia. Ulikuwepo mradi wa sungura nje ya mji. Wafadhili waliondoka, mabanda yakabaki yamefungwa na sungura ndani wakitafuna mbao kwa njaa. Akina mama wa kikundi cha kanisani wakavunja kufuli, wakawachukua, wakawalisha majani ya kabichi yaliyotupwa sokoni mpaka wakanenepa. Sasa waliwagawa bure kwa yeyote atakayeahidi kufuga bila kuchinja. Siku ya soko Katani alisimama mbele ya boksi lao, na sungura mmoja wa kijivu mwenye sikio lililochanika akamnusa kidole kwa muda mrefu. Akajaza fomu palepale. Leo angekuja mama wa kikundi kuwahoji wadhamini wake, na Katani alikuwa amefanya kosa la kuwaambia wenzake mapema.

— Ngoja nielewe, alisema Hansadi akipuliza kikombe chake. Unapewa sungura.

— Napewa, alijibu Katani.

— Bure.

— Bure.

— Na humli.

— Simli.

— Basi hapo pana jambo. Tangu soko huria liingie, hata maji ya kunawa yana bei. Kitu cha bure kimebaki salamu tu, nazo siku hizi watu wanazibana.

Katani alivuta uzi kwenye soli. Na yeye jambo hilo lilikuwa linamtatiza. Kitu cha mwisho alichopewa bure ni barua ya kuachishwa kazi.

— Mimi huyo sungura nimemwona, alisema Betri. Mmeyaangalia masikio? Mnyama mdogo vile, masikio marefu vile, ya nini? Redio yangu hii bila waya juu ya paa hainasi Nairobi. Yule ana nyaya mbili, za kuzaliwa nazo.

— Ananasa nini sasa? aliuliza Mwamvita.

— Sisi. Wale wafadhili hawajaondoka, wamebadilisha mtambo. Sungura yumo chumbani kwako, wewe unalalamika njaa, kule Ulaya mtu anaandika: Same wana njaa.

— Njaa yetu si siri. Wangekuja tu waulize, na kahawa ningewapa.

Hansadi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayewahurumia wanafunzi.

— Betri, acha habari za nyaya. Soma fomu. Wameuliza jina, wameuliza nyumba, wameuliza kama una mbwa. Mwakani ni nini?

— Uchaguzi, alisema Betri.

— Wa vyama vingi. Hilo ni daftari la wanachama, ndugu zangu. Kitaibuka chama alama yake sungura, na mtashangaa kina wafuasi mpaka kijijini Bendera.

— Na sisi tunaofuga mbuzi? aliuliza Mwamvita.

— Ninyi ni upinzani.

Mwamvita alijaza vikombe, akajifuta mikono kwenye khanga.

— Hamjui kitu ninyi, alisema. Sungura anazaa kila mwezi, na hawa wamekatazwa kuliwa. Pigeni hesabu wenyewe. Ikifika mwaka elfu mbili wamejaa kuanzia hapa mpaka Hedaru, mchicha wote wamekwisha kuumaliza. Sisi tutapanda milimani Mbaga na magodoro kichwani, huku tambarare tutawaachia wenyewe.

— Wa Katani ni mmoja tu, alisema Betri.

— Na mradi nao ulianza na mmoja.

Hapo hata Katani alicheka. Lakini Betri alimgeukia.

— Wewe lakini, ukweli wako. Wa nini? Kwenye makande angefaa, sawa. Wa kumwangalia tu ni wa nini?

— Nimempenda tu, alisema Katani.

Hakusema zaidi kwa sababu aliona aibu. Kule kambini shambani alikuwa akisikia kikohozi cha jirani upande wa pili wa ukuta, na mtoto wa watu akilia, na mwanamke akimgombeza mumewe. Sasa alipanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga. Jioni mashine ikizimwa alisikia kijiko chake mwenyewe kikigonga sahani. Alikuwa mpweke, na upweke ule ulimuuma kuliko njaa. Sungura asingemwambia karibu nyumbani, lakini angeinua masikio.

Mama mmoja alivuka barabara akiwa na kikapu na karatasi ndani ya mfuko wa nailoni.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mama, walijibu.

— Naitwa Ernesta, natoka kikundi cha sungura. Namtafuta mzee Hansadi na fundi Betri.

— Ndio sisi.

— Majina yenu kabisa ndiyo hayo?

Katani aliinamia kiatu. Kwenye nafasi ya wadhamini aliandika majina pekee aliyoyajua.

— Mimi ni Loth, alisema Hansadi.

— Gideoni, alisema Betri.

Ernesta alifuta, akaandika upya.

— Haya. Mnamfahamu Sebastiani?

— Sebastiani yupi? aliuliza Betri.

Ernesta alielekeza kalamu kwa mshona viatu. Betri alimtazama Katani, akakuna shingo.

— Huyo tunamfahamu sana, alisema Hansadi haraka. Miaka minne tuko naye benchi hili. Mtulivu, halewi, hana neno na mtu.

— Vizuri. Anaishi na nani?

Hansadi, aliyejua nani alikaa kiti kipi bungeni mwaka gani, hilo hakulijua. Alimtazama Betri. Betri alitazama betri zake. Mwamvita alimimina kahawa kwenye kikombe ambacho kilikuwa tayari kimejaa.

— Siishi na mtu, mama, alisema Katani mwenyewe. Ndiyo maana nimeomba.

Ernesta alishusha kalamu.

— Baba, sitakuficha. Wale tuliwakuta wamefungiwa, wa kuwafungulia hakuna. Tulikubaliana hatumpeleki mnyama kwenye nyumba yenye mtu mmoja. Ukiugua, nani atafungua mlango?

Katani alianza kuuzungusha uzi wake kwenye donge, polepole, ili apate pa kuangalia.

— Nitafungua mimi, alisema Hansadi.

— Kwake unapajua, mzee?

Hansadi aliweka chini kikombe kikiwa nusu, jambo ambalo Mwamvita hakuwahi kuliona.

— Sipajui, alisema. Sebastiani, inuka utuonyeshe.

Sebastiani alichomeka sindano kwenye soli, akatangulia. Nyuma yake walifuata Ernesta na Hansadi, kisha Betri, aliyeacha betri zake juani bila mlinzi.