Bunduki Haina Kosa

MJOMBA: Haloo? Haloo! Nani mwenzangu?

MPWA: Ni mimi, Mjomba. Shikamoo.

MJOMBA: Marahaba. Paza sauti, huku uwanja wa shabaha upepo unakula maneno.

MPWA: Umeshaipima bunduki yangu?

MJOMBA: Umekula lakini?

MPWA: Mjomba—

MJOMBA: Nimeipima. Tangu asubuhi niko nayo.

MPWA: Mbovu, sivyo? Mimi nilimlenga mbogo shingoni, risasi ikashuka, ikampata mwenzangu. Alikuwa chini ya mbogo pale, ananiita, ananiita—

MJOMBA: Najua. Jana tumemzika sote.

MPWA: Itakuwa skrubu za kitako. Zililegea.

MJOMBA: Zimekaza.

MPWA: Mtutu, basi. Una kutu ndani.

MJOMBA: Unang'aa kama sahani ya mgeni.

MPWA: Risasi zenyewe! Zile zilizolowa stoo, si unazikumbuka—

MJOMBA: Nimepiga hizohizo, za boksi lako. Bunduki nimeibana kwenye jiliwa, mkono wa mtu usiiguse. Matundu yote yanafunikwa na kifuniko kimoja cha soda. Katikati ya shabaha.

MPWA: [mkwaruzo]

MJOMBA: Upo?

MPWA: Nipo.

MJOMBA: Bunduki haina kosa, mwanangu. Risasi ikishuka vile, mara nyingi mpigaji ameuogopa mshindo kabla haujaja. Anavuta kwa pupa, mtutu unainama. Ulifumba macho?

MPWA: Mtandao huu una—

MJOMBA: Mtandao mzima. Ulifumba?

MPWA: Nilifumba. [mkwaruzo] Nilifumba, Mjomba! Na mke wa marehemu nimemwambia ni bunduki.

MJOMBA: Pole. Pole sana. Sasa nisikilize, wachunguzi wanakuja kuichukua. Hiki chuma cha kulengea cha mbele, nikikiinua kidogo tu kwa nyundo, bunduki itapiga chini kila mara. Hata wao wakiibana.

MPWA: Lakini fundi wa silaha ni wewe! Wewe ndiye uliyeipitisha kwamba ni nzima. Watakufunga.

MJOMBA: Mimi nimekula chumvi nyingi. Wewe una mtoto ananyonya. Na marehemu dada yangu aliniachia wewe, hakuniachia kazi.

MPWA: Mjomba...

MJOMBA: Ukiniambia niache, naacha, haki ya Mungu. Niache?

MPWA: [kimya]

MJOMBA: Gari lao lile, liko getini. Niache?

MPWA: Salio langu linakwisha—

MJOMBA: Neno moja halimalizi salio. Niache?

MPWA: [kimya, mkwaruzo mrefu]

MJOMBA: Haya.

MPWA: Mjomba? Nini hicho kinagonga? [chuma kinagonga chuma] Mjomba! Mimi sijasema ufanye!

MJOMBA: Wala uache hukusema. Basi, wanashuka garini. Wakikuuliza habari zangu, waambie fundi alikuwa mzembe, bunduki hakuikagua.

MPWA: Siwezi kusema hivyo, wewe ndiye uliyenilea—

MJOMBA: Utasema. Na mkewe yule ukamwambie hivyohivyo. Umenisikia?

MPWA: Mjomba, tafadhali—

MJOMBA: Wamefika. Umenisikia, mwanangu?

MPWA: Ndiyo, Mjo— [salio limekwisha]