Kosa la Kunakili

Benchi letu liko mbele ya duka langu la cherehani, na anayekalia hapo anapata kahawa na maneno yangu. Jioni ile nilikuwa nimefura. Binti yangu, mwalimu wa baiolojia, alikuwa amepewa mpaka kesho asubuhi aandike barua ya kuomba radhi, la sivyo kazi hana. Eti kawafundisha wanafunzi kwamba jeni mpya hutokana na makosa ya kunakili! Na aliyemshitaki, mwenyekiti wa kamati ya shule, tunayemwita Kanuni, alikuwa palepale anapuliza kahawa yangu bila haya.

— Kosa ni kosa, Fundi, akasema Kanuni. Haliwezi kuzaa kitu cha maana.

— Weee! Na hiyo suruali uliyovaa?

— Imefanya nini?

— Karatasi ninayokatia kitambaa niliinakili mara mbili. Ya kwanza ikatoka sawasawa. Ya pili mkono ukateleza, mfuko ukakaa mshazari. Nikaiacha, si ile nzima ipo inafanya kazi? Leo mtaa mzima mnataka mfuko wa mshazari! Jeni nazo ni hivyohivyo. Kopi moja inabaki na kazi ya zamani, nyingine inabadilikabadilika mpaka inapata kazi mpya. Karatasi za siku nyingine zilizoharibika kabisa nilizitupa, hizo huzijui.

— Fundi kasema kweli, akadakia Koki, fundi bomba. Ila uhai wenyewe ulianzia kwenye bomba linalovuja.

— Mwoneni huyu! akasema Kanuni.

— Haki ya Mungu! Maji ya vuguvugu, kutu, na mamilioni ya miaka hajaitwa fundi. Juzi nimefungua sinki moja, kilichokuwa mle kilinitazama.

Tukacheka, hata mimi na hasira zangu. Kinyozi wa duka la jirani, aliyekaa mwisho wa benchi, akaona anaachwa nyuma.

— Na akili ilikuja nywele zilipopungua mwilini. Kichwa kikapata hewa, mawazo yakaanza.

— Basi mwenye kipara anatuzidi wote, akasema Koki, akimtazama Kanuni.

Kanuni akajipapasa kichwa.

— Huu ndio upuuzi anaowalisha watoto! Aandike barua!

— Haandiki! Nikapiga benchi, vikombe vikaruka. Nimemsomesha kwa cherehani hii aseme anachokijua!

Hapo ndipo binti mwenyewe akafika kutoka shule, madaftari kwapani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Baba, usigombane na watu. Naandika.

Akaketi, akaweka karatasi juu ya madaftari, akaandika huku anasoma kwa sauti: “Naomba radhi, kwa kuwa nilikosea niliposema kwamba...” Kisha akamgeukia Kanuni kwa adabu zote.

— Mzee, nimalizie. Nilikosea niliposema nini?

— Si... yale mambo yako.

— Yapi, mzee? Na lililo sahihi ni lipi, niliandike?

Kanuni akamtazama Koki, Koki akatazama barabara. Kinyozi akainamia kikombe kitupu. Mimi sikumsaidia mtu, nilikuwa naona raha tu.

Binti yangu akamwekea karatasi mapajani, na kalamu juu yake.

— Ukilijua, lijaze hapo. Nitasaini.