Karibu Siku Moja

"Kiingereza chao ndicho kilekile cha kwetu, lakini watu hawa siwaelewi!" seremala mgeni alimlalamikia mpishi waliyekaa naye basini, alipomsikia anajua Kiswahili. "Jirani kaniambia, karibu kwangu siku moja. Jumapili nikaenda na mke, watoto na shangazi. Kafungua mlango na taulo kiunoni, anauliza kumetokea nini!"

Mpishi, aliyeishi huko ughaibuni mpaka akakubuhu, alicheka mbavu zikamuuma. "Ndugu yangu, hapo hukualikwa. Uliagwa."

"Afadhali nimekupata wewe, mtu wa nyumbani."

Basi likasimama. Mpishi akainuka, akampa mkono. "Haya, kaka. Karibu kwangu siku moja."

Alipofika chini akasikia hatua nyuma yake. Seremala alikuwa ameshashuka, simu sikioni: "Mke wangu, shangazi ameshavaa viatu?"