Mawe Nyuma ya Mabafu

Siku ile uwanjani walikuwepo mkuu wa shule na walimu wake wote, mpishi, mlinzi, viranja na fimbo zao, wanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne, na sisi wazazi na walezi. Alikuwepo baba mdogo. Alikuwepo mdogo wangu. Alikuwepo pia mvulana wa kidato cha tatu aliyekuwa akimpiga, pamoja na mama yake. Majina nayaacha. Mlima huu wote tunajuana.

Ndugu zangu, asanteni kwa kunipa nafasi. Wengi mnanijua, mimi ndiye ninayeshona sare pale Kaloleni. Wazazi wetu walipofariki nilikuwa kidato cha pili. Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo niliacha shule nikakaa kwenye cherehani ili wadogo zangu wawili wasome. Nilijiambia, wao watamaliza.

Wa mwisho akapata nafasi shule ya bweni huku juu. Likizo ya kwanza alirudi hasikii vizuri sikio la kushoto. Nikamuuliza. Baadaye akasema, "Dada, nifundishe cherehani. Shule basi."

Nikamwambia, kwanza nieleze.

Akaeleza. Kila jioni njuka, yaani wageni wa kidato cha kwanza, walipelekwa nyuma ya mabafu, wakapigishwa magoti kwenye kokoto na kufulishwa nguo za wakubwa. Yeye alikuwa na mtesaji wake maalum, yule wa kidato cha tatu, aliyependa kumwambia, "We njuka, ukitaka kushtaki, kamshtakie mama yako. Si unajua anakolala?"

Nikampelekea baba mdogo habari. Baada ya siku chache mama wa yule mvulana akaja na jani la sale. Nyie wa huku mnajua: mtu akikuletea sale kuomba radhi hukatai, na ukishalipokea, kesi haifunguliwi tena. Baba mdogo akalipokea kwa mikono miwili. Akaniambia, "Mwanangu, yamekwisha. Ukiyarudia unatuaibisha."

Nikamrudisha mdogo wangu shuleni. Kipigo kikazidi. Nyumba mbili zilikuwa zimepatana, lakini shule haikujua lolote. Mabafu yalikuwa palepale, kokoto palepale, na kiranja aliyetakiwa kuzuia ndiye aliyekuwa akiangalia kama mwalimu anakuja. Na mimi mdomo wangu ulikuwa umefungwa na lile jani.

Ndipo mkuu mpya wa shule, aliyeanza kusikia minong'ono ya njuka kuonewa, akatuita sote uwanjani. Hakuhutubia. Alisema tu, "Kila mwanafunzi aokote jiwe, akaliweke mahali anapoogopa kupita. Sisi watu wazima tutatazama."

Hakuna aliyesogea. Halafu mdogo wangu akainama, akaokota jiwe. Wavulana wakaanza kukohoa kwa kejeli.

"Njuka leo ana pumzi!"

"Mwacheni, anakwenda kumjengea mama yake kaburi."

Akasimama palepale na jiwe lake. Nikainuka. Baba mdogo akanishika khanga.

"Kaa chini. Tulipokea sale."

"Tulipokea la nyumba yao, baba mdogo. Hapa ni shule."

Nikatembea na mdogo wangu. Ndugu zangu, uwanja ule siku hiyo ulikuwa mrefu kuliko barabara ya Moshi. Akaliweka jiwe nyuma ya mabafu. Nikasikia nyayo nyuma yetu. Walikuja wenzake wa kidato cha kwanza. Wakaja wa kidato cha pili. Kisha, sikuamini, wakaja walewale waliokuwa wakikohoa, kwa sababu nao walikuwa njuka miaka miwili nyuma. Rundo likapanda. Mwalimu wa nidhamu akasema kwa sauti ndogo, "Mimi napita hapa kila siku."

Wa mwisho alikuwa yule mvulana. Hakumtazama mtu. Aliweka jiwe lake juu ya rundo, mkono ukabaki pale pale.

Hayakuisha siku ile, nisiwadanganye. Viranja walinyang'anywa fimbo. Bomba la kufulia likahamishiwa mbele ya madarasa. Walimu wakaanza kula makande pamoja na wanafunzi. Mpishi na mlinzi wakisema wameona kitu, sasa wanasikilizwa. Sisi walezi tunapokezana kwenda jioni. Kuna wakati mambo yalirudi nyuma, tukaitana tena. Mdogo wangu yuko kidato cha pili. Sikio halijapona, ila shule hajaacha.

Namshukuru mkuu yule, na mtoto aliyeweka jiwe la pili. Namshukuru baba mdogo: alinikasirikia kweli, lakini leo anawahi zamu kuliko mimi. Nanyi, mtoto wenu akionewa shuleni, msiishie kupatana nyumba kwa nyumba. Ipelekeni shule nzima ikapaone mahali penyewe.

Lakini siku ile watu walipotawanyika, mama wa yule mvulana alinifuata pale kwenye mawe. "Wako umesimama naye wewe," akasema. "Wangu atasimama naye nani? Hata mimi sikujua kwamba naye aliteswa hapa."

Nikamjibu, "Mimi."

Nimekwenda kwao zaidi ya mara moja. Nikipiga hodi, kijana anatokea mlango wa uani na kupotelea migombani. Mpaka leo hajamwambia mtu alitendewa nini pale nyuma. Jumamosi nitakwenda tena. Deni hilo nililichukua mwenyewe mbele ya mama yake, na bado sijalilipa.