Makaa Yaliyomwagwa Juu ya Mto Wetu

Wapendwa, nimeambiwa nije nitoe shukrani. Nitazitoa. Ila mnivumilie kwanza niyaseme yaliyotangulia, maana wengi wenu mlikuwepo. Jina la mtu sitataja.

Mnajua nilikuwa nalima kabichi kule bondeni, kando ya mto, nauza soko la Mwanjelwa. Watoto wangu walisoma kwa kabichi hizo. Kisha bei ya makaa ya mawe ikapanda huko ng'ambo, malori yakaanza kupishana kutoka mgodini, na tajiri mmoja akakodi uwanja, ile yadi, mwinukoni juu ya mto wetu awe anayamwaga hapo, yakisubiri kupelekwa bandarini. Tulifurahi, nisiwadanganye. Vijana walipata kazi, akina mama wakawapikia madereva. Mume wangu naye akashika koleo, akawa anapakia. Akaniambia wamefundishwa kwamba makaa yale ni misitu ya zamani sana, iliyofukiwa ardhini hadi ikawa mawe. Nikasema, basi Mungu alituwekea akiba.

Lundo lile halikufunikwa hata turubai. Mvua ilipoanza, maji meusi yalishuka mtoni yakapita shambani kwangu. Mvua zilipokatika, vumbi likaingia katikati ya majani. Sokoni mteja wangu wa siku nyingi alifungua kabichi, akapangusa jani kwa kidole kikatoka cheusi, akairudisha mezani polepole. Hakunitukana. Alihamia tu kwa jirani, na wengine wakamfuata.

Nikasimama kwenye mkutano wa kijiji. Sikuomba yadi ifungwe. Niliomba wachimbe mtaro wa kuyazuia yale maji. Ndugu zangu, nawaambia, kelele zile bado nazisikia. Nikaulizwa nimetumwa na nani, na kama nataka watoto wa wenzangu walale njaa. Wakati huo mwenye yadi alikuwa ameshatoa mabati ya kanisa hili. Jumapili iliyofuata nikaitwa pembeni, nikaambiwa uongozi wa akina mama nipumzike kwanza. Nikapumzika. Tukikutana njiani, watu wakawa wanageukia upande mwingine.

Msimamizi wa yadi naye akamwambia mume wangu anitulize au aache koleo. Alirudi nyumbani, akasogeza chakula pembeni, akasema, "Mama watoto, nyamaza tupate kula."

Nikanyamaza. Msimu mzima nilinyamaza, huku kikohozi alichokipata kwenye vumbi lile kikimzidi. Aliposhindwa kunyanyua koleo, wakaweka mtu mwingine mahali pake. Hakuna aliyekuja kumwona. Nilikwenda Chimala kupandikiza mpunga wa watu, nimeinama kwenye maji kutwa, ili nipate cha kumpeleka hospitali.

Niliporudi, mama mmoja, ambaye mwanawe alikuwa akipakia makaa pale pale, alikuja kwangu asubuhi na jembe begani. Akasema, "Shamba langu liko juu ya yadi, kwenye chemchemi. Lima nusu."

Nikamuuliza mwanawe ataambiwaje kazini.

"Wamwambie wanachotaka. Mimi nimeshuka mtoni, nimeyaona maji."

Nililia pale mlangoni. Si kwa ajili ya shamba. Ni kwa sababu mtu alikuwa amekwenda kuangalia.

Tulilima. Kabichi zikatoka safi, Mwanjelwa wakazinunua tena. Baadaye bei ya ng'ambo ikashuka, malori yakaacha kuja, mwenye yadi akaondoka bila kuaga. Ametuachia mabaki ya lundo, na hadi leo mvua ikinyesha yanatiririka. Vijana wamerudi majumbani. Mtaro nilioomba tumeuchimba wenyewe, na baadhi ya waliopiga kelele siku ile walichimba nami. Hawakuniomba radhi. Shamba la bondeni bado halijapona. Mume wangu, yule aliyekaa nyuma pale, hawezi kupanda kilima hiki bila kusimama na kutafuta pumzi. Lakini yuko hai, na amekuja kwa miguu yake.

Nawashukuru wauguzi waliomtunza. Namshukuru yule mama, mwenyewe anajijua. Mmeniomba nirudi uongozini. Sijajibu, na leo sitajibu.

Ninachowaachia ni hiki. Mtu akisimama akasema maji yamechafuka, msimuulize ametumwa na nani. Teremkeni mtoni mkaangalie. Siyo mbali.