Pete ya Torsten Imezuiwa Kiwandani

Katika basi la wafanyakazi wa kiwanda cha nyuklia, Gunvor, mpishi wa kantini, alijifanya anasoma gazeti. Mbele yake Torsten, fundi wa mabomba, alimnong'oneza mwanamke aliyeketi naye:

"Wameniosha mara tatu mpaka kipimo kikanyamaza. Ila pete ya ndoa imekataa kutakata, wameizuia."

"Basi mwambie mkeo ukweli," alisema Ebba, mpimaji wa mionzi.

"Ana mimba ya miezi saba, dada. Atanikimbia."

"Ngozi yako safi. Nimekupima mwenyewe."

"Na vumbi nililolivuta puani?"

Ebba alitazama dirishani. "Tungoje majibu ya mkojo, Ijumaa."

Basi likasimama. Mkewe alikuwa kituoni, amekunjua mikono ampokee. Torsten hakuinuka. Gunvor naye alipaswa kushuka hapo hapo, lakini kwa kuogopa lile vumbi hakuthubutu kumpita.