Ile Riba Niliyodhani Nimesamehewa

Ndugu zangu, asanteni kwa kunipa nafasi kabla ya michango kuanza. Mwenyekiti ameniuliza mara mbili ninataka kusema nini, nikamwambia ni ushuhuda. Ni kweli, lakini ndani yake kuna jambo linalohusu pesa za chama hiki, na mimi ndiye mweka hazina wenu. Nikimaliza nitawaomba mwamue kama niendelee na kazi hiyo. Mnivumilie. Mnajua mimi si msemaji, na shule yangu iliishia darasa la nane.

Nianzie pale mama yangu alipofariki. Wengi wenu mlikuja kwangu. Karatasi zangu zilikuwa bado hazijatoka wakati ule, na wakili alikuwa ameniambia wazi kwamba nikitoka nchi hii sitarudi. Kwa hiyo mama alizikwa nyumbani, nami nikafuata mazishi kwa simu, nimekaa kitandani hapa Minnesota. Picha iliganda kabla jeneza halijashuka. Iliporudi, watu walikuwa tayari wanaweka maua.

Jioni ya kwanza ya maombi mlijaa nyumbani kwangu, na nyumba ilikuwa na viti viwili. Mama mmoja wa heshima alikalia ndoo iliyopinduliwa. Wanaume walisimama ukutani na makoti yao, kwa kuwa hakukuwa na mahali pa kuyaweka. Mmoja akatania, "Jamani, hapa ni matanga ama ni foleni ya benki?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Alitaka kunichangamsha tu, simlaumu. Lakini niliingia jikoni nikalia, na safari hii sikumlilia mama. Nililia aibu. Nilijiambia, mama yako hukumzika, na hata waliokuja kumwombea huna pa kuwakalisha.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwenye duka kubwa la fanicha. Nilitaka viti sita vya plastiki. Kijana muuzaji akaniuliza ni sherehe gani, nikamwambia mama yangu amefariki. Akanipa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli, niliiona machoni. Kisha akanipeleka kwenye sofa. Sofa ndefu mbili, viti viwili vya mkono, meza, na meza ya kulia ya watu wanane. Dola elfu nne na mia mbili pamoja na kodi.

Nikamwambia, "Sina pesa hiyo."

"Huhitaji kuwa nayo leo. Tunakupa kadi ya duka. Miezi kumi na minane bila riba."

"Bila riba kabisa?"

"Bila riba, ukimaliza deni ndani ya muda."

Ndugu zangu, nawaambia ukweli: yule kijana hakunidanganya. Neno "ukimaliza" alilisema. Mimi nilisikia "bila riba", masikio yakafunga. Nikaweka sahihi kwenye kioo kidogo kwa kidole, na jioni hiyo hiyo gari likaleta vitu. Mlipokuja kwa maombi mkakaa. Mkaniambia nyumba imependeza. Nililala vizuri usiku ule kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Karatasi ya mwezi ikaanza kuja. Walitaka dola mia moja na thelathini. Nikalipa. Mwezi wa pili wakataka kiasi hicho hicho, nikalipa. Sikukosa hata mwezi mmoja, na sikuchelewa hata siku moja. Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu kosa langu nililitoa humu chamani. Sisi hapa mtu akileta mchango wake kila mwezi kwa wakati, hana deni na mtu. Kiasi unachoambiwa ulete ndicho unachotakiwa kuleta. Nikadhani na wao ni hivyo. Sikuwahi kuchukua kalamu nizidishe mia na thelathini mara kumi na nane. Ningezidisha, ningeona kwamba haifiki hata elfu mbili na nusu, na deni ni elfu nne na zaidi.

Na kuna jambo ambalo hata leo linaniuma kulisema. Chini ya ile karatasi kulikuwa na mstari wenye neno riba, na mbele yake kiasi cha pesa. Kila mwezi kiasi kile kiliongezeka. Mia moja. Mia mbili. Mia tano. Nilikuwa nakiona. Nilidhani wananionyesha riba waliyonisamehe mpaka hapo. Nikawa namshukuru Mungu kwa mstari ule! Nilimwonyesha hata mwenzangu kazini: "Angalia, wameniachia mia saba." Naye akasema, "Una bahati."

Haikuwa imesamehewa. Ilikuwa inahesabiwa kimyakimya tangu siku niliyoweka sahihi. Ilikuwa inasubiri tarehe.

Mwezi wa kumi na tatu karatasi zangu za uhamiaji zikatoka. Mliimba siku ile. Nikaanza kuweka nauli, maana baba yangu alikuwa ana miaka themanini na kitu, na tangu mama aondoke alikuwa anakwisha kidogo kidogo. Niliongeza shifti pale kwenye nyumba ya wazee ninapofulia nguo, hadi nikafikisha elfu moja mia tisa. Nilijua dukani nimebakiza kama elfu moja mia nane. Nikasema, kwanza baba. Riba ikianza, itaanza kwa hicho kilichobaki, nitaendelea kulipa polepole nikirudi. Ndivyo nilivyoelewa.

Tarehe ikapita. Siku sita baadaye karatasi ikaja. Deni: elfu tatu mia mbili na thelathini.

Nilisoma nikiwa bado na koti na viatu vya theluji. Nikadhani ni ya mtu mwingine. Nikapiga simu. Dada wa upande ule alikuwa mpole sana. Akasema riba ya miezi yote kumi na minane imeingizwa, kwa sababu sikumaliza. Nikamuuliza nilikuwa nimebakiza ngapi siku ile ya mwisho.

"Elfu moja mia nane na sitini."

"Na kama ningelipa hiyo siku ile?"

"Usingedaiwa hata senti moja."

Ndugu zangu, pesa hiyo ilikuwa benki. Ilikuwa imekaa pale, yangu, haina kazi nyingine ila kusubiri tikiti. Nilichanganyikiwa. Nikamwambia, chukua sasa hivi, chukua yote elfu moja mia nane na sitini. Akachukua. Nikasikia akibonyeza. Ndipo nikamuuliza, "Sasa mtaondoa ile riba?"

Akajibu, "Hapana, mama. Muda umepita."

Angalieni nilivyofanya. Nililipa kwanza, nikauliza baadaye. Nikabaki na dola arobaini benki, na deni la elfu moja mia tatu na sabini lililo riba tupu. Riba ya sofa ambazo nilikuwa nimezilipa.

Siku tatu baadaye dada yangu akapiga kutoka nyumbani. Baba amelazwa. Hali chakula. "Anauliza kila asubuhi, yule wa Amerika anafika lini. Nimwambie nini?" Nikamwambia, "Mwambie nakuja." Nilisema hivyo nikiwa sina hata nauli ya kufika Chicago.

Sasa nimefika mahali penyewe.

Jumamosi ile tulikutana hapa, mkatoa michango. Mwenye zamu ya kupokea mwezi ule hakuwepo, alikuwa amesafiri, angepokea Jumamosi inayofuata. Kwa hiyo bahasha ililala kwangu. Elfu tatu kasoro hamsini, kwa sababu mmoja wenu alikuwa amepungukiwa. Siku zote nimeziweka pesa zenu kabatini nyuma ya mashuka, na sikuwahi kuzifikiria. Wiki ile nilizifikiria nikioga, nikazifikiria nikikunja nguo kazini. Nikajiambia nitakopa tu. Uongo wa kumwambia mwenye zamu nilikuwa nimeshauandaa, kwamba niliziweka benki na benki imezizuia. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi kwa sauti, ndani ya gari.

Jumanne mchana nikaenda kwa wakala wa tikiti. Nikakaa nje kwenye gari hadi vioo vikajaa mvuke. Nikaingia. Bwana yule akaangalia kompyuta yake, akasema kuna nafasi Alhamisi, elfu moja na mia nane. Nikaweka pasipoti mezani.

"Unalipa kwa kadi?"

"Taslimu."

Nikaitoa bahasha. Ilikuwa na majina yenu, kwa mwandiko wangu. Nikaichana. Nikaanza kuhesabu, noti za ishirini ishirini, na vidole vyangu vilikuwa vinatoa jasho hata noti zinagandana. Nilikuwa nimefika mia sita simu ilipolia. Nilipokea ili inyamaze tu.

Alikuwa yule aliyepungukiwa na hamsini. "Dada, usinichoke. Najua nimekuchelewesha. Nimepata hiyo hamsini, nikuletee wapi? Sijalala vizuri, naona kama nimewaibia watu."

Yule bwana alikuwa ananitazama. Noti za watu zimetandazwa mezani. Na huyu dada analia kwa sababu ya hamsini.

Nikamwambia bwana, "Nirudishie pasipoti." Akasema, "Mama, hiyo bei haitakaa." Nikakusanya noti zote, nyingine zikaanguka, nikapiga magoti nikaziokota chini ya kiti. Simu ilikuwa bado wazi. Yule dada alikuwa anasikia. "Kuna nini? Uko wapi?"

Nikatoka nikaingia kwenye gari nikamwambia yote. Sikupunguza.

Akasema, "Usiende popote. Nakuja." Alitoka kazini Golden Valley na sare yake ya hospitali. Aliingia kwenye gari langu, hakunisalimu. "Hesabu mbele yangu." Nikahesabu. Zilikuwa kamili. Akatoa hamsini yake, akaiweka juu. "Sasa zimetimia. Hiyo karatasi ya duka iko wapi?" Akaisoma mbele na nyuma, akatikisa kichwa. "Wamekula. Na wamekula kihalali, iko hapa imeandikwa. Hii utailipa tu, dadangu. Lakini tikiti si kazi ya kuiba. Ni kazi ya kuomba. Una mdomo?"

Jioni mwenye zamu aliporudi, tukaenda kwake. Nikamwomba tubadilishane zamu, apokee yangu ambayo ilikuwa mwezi uliofuata. Alikuwa anangojea pesa hizo atengeneze gari. Akafikiri. Akasema, "Gari langu linaweza kukohoa mwezi mmoja zaidi. Mzee hawezi." Mwenyekiti akawaandikia nyote, mkakubali.

Lakini niliwaambia nusu. Niliwaambia nimepungukiwa na nauli. Sikuwaambia kwamba bahasha ilikuwa imeshachanwa. Mlinipa kwa moyo mweupe, mkidhani mnampa mtu aliyekuja kuomba. Mlimpa mtu aliyejaribu kuchukua kwanza.

Nilimkuta baba hai. Tulikaa siku kumi na moja. Nilimnyoa ndevu, nilimlisha uji kwa kijiko, na aliponiuliza kama Amerika kuna baridi nilimjibu kila siku kana kwamba ameuliza mara ya kwanza. Siku ya kumi na mbili alfajiri akaondoka nikiwa nimemshika mkono. Yeye nilimzika. Udongo niliutupa kwa mkono huu.

Nimerudi, na lile deni la duka nimekuwa nikililipa. Ile riba imebaki dola mia nne na kidogo, na wao bado wanaongeza yao kila mwezi, lakini sasa nalipa zaidi ya wanayotaka. Sitasema deni limeisha wakati halijaisha.

Ninachoweza kuwapa ni hiki. Mkiambiwa bila riba, ulizeni: kama sitamaliza, riba itahesabiwa kuanzia lini? Wakisema tangu siku ya kununua, nyumbani, kwa kalamu, gawanyeni bei yote kwa miezi yote kasoro mmoja, na mlipe hicho, msilipe kile wanachowatajia. Mmalize mwezi mmoja kabla. Na kama hamwezi, nunueni viti vya plastiki. Waliokuja kunipa pole wangekaa hata sakafuni. Nimewauliza baadhi yenu, mmeniambia hivyo.

Nawashukuru nyote. Namshukuru aliyengoja na gari lake bovu. Namshukuru aliyenipigia simu. Yeye amejua siku zote hizi na hakumwambia mtu. Aliniambia, "Hilo si langu kulisema, ni lako. Lakini usinifanye nizeeke nalo." Dada, usizeeke.

Kitabu cha chama hiki hapa. Kila mwezi umeandikwa, na mwenyekiti amekihakiki wiki hii kwa ombi langu. Nimekiweka mezani. Sasa nitatoka nje mzungumze bila kunitazama usoni. Semeni kila mnachotaka. Nitakuwa kwenye ngazi, na lolote mtakaloamua, nitakuja kulisikia.